Udongo Mwekundu wa Nyanya Feza

Harufu ya udongo unaokaangwa si ya chakula wala si ya mvua. Iko katikati, kama chungu kikavu kilichosahauliwa motoni. Ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu Kindu, zamani za Wabelgiji, nilipokuwa msichana wa miaka kama minane. Nasema kama, maana karatasi yangu ya kuzaliwa ililiwa na mbuzi, na mbuzi huyo habari zake ni ndefu, tumwache.

Nyanya yangu Feza aliuza udongo mwekundu sokoni. Kwa watu wetu, mzazi hakutoka nje na mtoto mchanga mpaka apakwe udongo huo uliokorogwa na mafuta ya mawese, na sharti utoke kule Kama, mji wa asili yetu. Nyanya akisimulia safari ya udongo wake, mnunuzi alichoka miguu kwa kusikiliza tu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na ya nyanya ilikuwa fupi kweli: kutoka ukingo wa Lualaba mpaka jikoni kwetu. Alichimba udongo wa manjano pale wanawake walipofulia, akaukaanga kwenye kigae hadi ukawa mwekundu. Mimi nilichochea moto, na nilikatazwa kusema.

Basi akaja Mzungu mmoja mwembamba mwenye sanduku la chupa. Karani wake, Anatole, alieleza kwamba kazi ya bwana ni kujua rangi za kale zilichimbwa wapi na zilipita njia gani za biashara. Sisi tulidhani ni adhabu aliyopewa kwao. Alifika sokoni kwa nyanya siku ambayo Mama Asha, mwanamke wa maneno, alikuja kumnunulia udongo mkwe wake aliyejifungua. Mzungu akachukua kipande cha nyanya na kingine alichonunua Kama, akavidondoshea maji makali ya chupa, akachungulia kwenye kioo chake cha kukuzia.

“Bwana anasema udongo ya Kama iko na chembe ya kumetameta,” Anatole akatafsiri. “Hii haina. Hii iko na muchanga ya muto.”

Kisha Mzungu akatoa sandukuni udongo wa manjano aliouchota ukingoni, akauweka kwenye kijiko, akauchoma juu ya taa yake ndogo. Ukawa mwekundu mbele ya soko zima. Akatabasamu kama aliyejifungua yeye.

“Mama Feza,” Mama Asha akasema polepole, “unatupikia udongo ya pale tunafulia nepi?”

Nami, kwa kutaka kumwokoa nyanya, nikasema, “Si pale pa nepi, ni juu kidogo.”

Watu walicheka, ila Mama Asha hakucheka. “Mukwe wangu iko ndani siku ya kumi. Nitamupaka nini sasa?” Wanawake wengine wakaanza kurudisha vifurushi vyao, na nyanya hakuwa na kazi nyingine duniani.

Hapo Mzungu akauliza, kupitia Anatole, nani alimfundisha kukaanga.

“Mama yangu, kule Kama,” nyanya akajibu. “Naye, mama yake.”

Mzungu akarudi kwenye kioo chake, akachungulia tena kipande cha Kama, mara akatoa kwa sindano chembe ya makaa. Wa Kama nao ulikuwa umekaangwa. Alijaza kurasa tatu kwa furaha.

Mama Asha akatafakari. “Basi kumbe kinachotoka Kama ni kukaanga yenyewe.” Akakubali kununua, kwa sharti ukaangwe mbele yake na usichimbwe kwenye nepi. Jioni ile mkwe wake alitoka na mtoto, wekundu wote wawili. Adhabu ya mdomo wangu ikawa kubeba kikapu mpaka mbali, upande wa juu wa mto, kila wiki.

Mwezi uliopita mke wa mjukuu wangu alijifungua. Alirudi kutoka hospitali siku ileile kwa pikipiki, amenawa sabuni, mtoto kavishwa kofia ya sufu. Mtoto mzuri, hana kasoro. Lakini hakuna aliyeniuliza chochote, na mtu wa umri wangu hupenda kuulizwa, hata kama jibu lake litakuwa la uongo.