Meza ya Shaba na Mkono wa Kulia

Kiharusi kilipompata mama yangu, mkono wake wa kulia ulilala. Mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira mdogo wa kufinya, akatuonya kwamba mkono usipofanyishwa kazi katika miezi ya mwanzo, huenda usiamke tena. Mama aliutazama mpira huo, akasema yeye si mtoto wa chekechea, akauweka dirishani.

Nilikuwa nimemleta kwangu Njoro, ninakofundisha. Nikitoka darasani nilimkuta barazani, mkono ule ameuficha chini ya leso. Hofu yangu sikujua pa kuipeleka, basi nikaanza kutengeneza meza. Mbao za saipresi niliziagiza Elburgon, nikaziacha zikauke hadi zikaacha kunukia. Bamba la shaba nyekundu la kuifunika juu nililipata Nakuru mjini kwa fundi wa mabati, ambaye alinifuata hadi nje ya duka, akiniita kama vijana wanavyowaita akina mama.

"Mathe, hiyo risiti usiitupe. Ukikutwa na shaba bila karatasi, watasema umefungua transfoma ya stima ukaiiba."

Kazi yenyewe ilihitaji subira kuliko nguvu. Nilisugua mbao kwa msasa, nikapaka gundi juu ya mbao na chini ya shaba, kisha nikangoja pande zote mbili zikauke kiasi cha kutonata kidoleni. Gundi ya namna hiyo haitoi nafasi ya pili: bamba likigusa mbao, limekwisha shika. Nililiteremsha polepole kuanzia ukingo mmoja, nikiondoa hewa kwa kifimbo cha chapati.

"Mwalimu," mama aliniita kutoka kitini, "leo unasukuma chapati ya chuma?"

"Ya shaba, Mama."

"Basi usizidishe mafuta."

Nilicheka, nikamnyooshea kifimbo nikitumaini atakipokea. Mkono haukutoka chini ya leso. Sikumlazimisha. Nilirudi kukunja kingo kwa nyundo ya mpira, nikaharibu pembe mbili kabla ya kujua jinsi ya kuzikata.

Mwisho nilipaka siki na chumvi ili shaba izeeke. Baada ya siku kadhaa ilikuwa ya kahawia iliyokolea, yenye mawingu ya kijani pembeni. Niliiona nzuri kiasi kwamba nilikula chakula changu kwenye kochi nisije nikaichafua.

Alhamisi moja nilirudi mapema. Nilipofungua mlango nilisikia kitu kikikwaruza. Mama alikuwa amesimama, amejishikilia ukingoni mwa meza kwa mkono wa kushoto. Theluthi nzima ya meza iling'aa, nyekundu mpya kabisa. Kando yake palikuwa na kisahani cha majivu.

Nilitaka kupiga kelele. Wiki tatu za kazi zilikuwa zinayeyuka. Ndipo nikaona ni mkono upi ulioshika kipande cha limau. Vidole vilikuwa vimejikunja vibaya, kifundo kikitetemeka, lakini vilikuwa vimeshika, na vilikuwa vinakwenda na kurudi.

"Unaacha meza ishike kutu hivi?" mama alisema bila kuinua macho. "Mgeni akiingia atasema nyumba hii haina mwanamke. Nilianza na huu wa kushoto. Huu wa kushoto haujui kusugua."

"Unaumia, Mama?"

"Naumia. Niongezee majivu."

Nilimwongezea. Nilisimama jikoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikijifuta macho kwa taulo la vyombo.

Nilikuwa nimekusudia kuipaka meza nta Jumamosi ile, ili rangi yake isibadilike. Sikuipaka. Shaba isiyo na nta hufifia upesi, na alama ya kikombe au ya kidole huonekana siku ya pili. Kila wiki mama hunilaumu kwa kununua meza chafu, ingawa anajua fika kwamba sikuinunua, kisha huagiza limau. Sasa anashika kikombe chake mwenyewe, kwa mkono ule wa kulia. Sukari bado humwagika njiani kabla haijafika kwenye chai, nami nashukuru kwa kila punje inayoangukia pale mezani.