Kiraka Ambacho Bi Kuruthumu Alishindwa Kukikata

Bi Kuruthumu wa Rusimbi, Ujiji, alikuwa na kazi mbili, na mtaa ulipenda kuitaja moja tu. Ya kutajwa ilikuwa ushonaji: cherehani barazani, na wasichana wachache aliowafundisha kukata, kupiga pindo na kuunga viraka. Ya pili ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Mji mzima ulimhitaji kwa hiyo ya pili, na ndiyo maana mji mzima ulimwita fundi.

Desturi ya pale ni kwamba nguo alizofia marehemu ni haki ya mwosha. Kwa miaka mingi haki hiyo ilimletea magauni yaliyopauka na basi. Kisha vita vikawaka ng'ambo, Kongo, mitumbwi ikaanza kuvuka ziwa imejaa kupita kiasi, na mingine haikufika. Ziwa likaanza kuleta wanawake wasiojulikana. Shehe aliulizwa wazikwe vipi, akajibu kwamba aliyeletwa na ziwa Ujiji ni mtu wa Ujiji. Hakuna aliyekuwa na jibu bora, hata Wakristo. Wakaoshwa, wakavishwa sanda, wakazikwa, na vitenge vyao vikaenda barazani kwa Bi Kuruthumu.

Hakuvivaa. Alivifua, akavikata vipande vya ukubwa wa kiganja, ili hata mwenyewe akifufuka asivitambue, na wanafunzi wakaviunga kuwa matandiko. Yalipendwa sana. Nyumba nyingi za Rusimbi zililalia nguo za waliozama na kusifu rangi. Aliyeuliza vitambaa vimetoka wapi aliambiwa ni mitumba, aliyejua hakuuliza.

Kosa lake lilikuwa la kifundi. Ilikuja sketi ya kitenge cha manjano, chenye ndege, iliyowahi kuchanika pajani ikazibwa kwa uzi wa nyavu. Mshono ule ulikuwa mdogo, umekaza, umepangika kama punje za ufuta. Bi Kuruthumu aliinua mkasi, akaushusha. Kuikata kazi kama ile aliona ni utovu wa adabu. Kipande hicho akakiacha kizima, akakiweka katikati ya tandiko, mahali pa heshima.

Aliyekiona ni Yunisi, msichana wa Fizi, huko Kongo, aliyevuka na mtumbwi wa mbele, mama yake akiahidi kuja na unaofuata. Alikuwa anajifunza cherehani ili mama akifika amkute ana kazi.

"Hii ni ya mama," alisema, kidole juu ya mshono. "Uzi huu alimnyang'anya baba, wakagombana. Mmeipata wapi?"

Mwosha hasimulii aliyoyaona kwenye ubao wa kuoshea. Bi Kuruthumu akatoa jibu alilolizoea. "Mitumba, mwanangu. Sokoni."

Jibu hilo lilikuwa limewanyamazisha watu wote wa Rusimbi. Yunisi lilimfanya aruke. "Basi amefika! Ameuza sketi apate kula!"

"Haya, mwenzetu kapata mama," akasema Shadya, mwanafunzi mwenye mdomo kuliko wote. "Sasa utatukumbuka, au ndiyo utaringa?"

Wakapiga vigelegele. Bi Kuruthumu alitafuta tundu la sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Tangu hapo Yunisi alishinda sokoni kila alasiri, akiuliza wauza mitumba. Mmoja wao, kwa huruma au ili aondoke, alimwambia kweli mama kama huyo alipita. Nyumbani kwa fundi, tandiko halikutolewa tena kwa mtu. Bi Kuruthumu alilikunja kwa kila namna anayoijua fundi, na kila akirudi alikuta ndege wa manjano wako juu. Akaanza kusema "karibu" akiwa ameupa mlango mgongo. Wanafunzi wakigeuka, mlangoni hapana mtu.

"Bi, unaongea na nani?" Shadya aliuliza.

"Na cherehani."

"Imejibu?"

"Bado."

Kisha Yunisi akaleta gauni. Alilikata na kulishona mwenyewe, la kumpokelea mama, na lilikuwa kazi nzuri. Alimwomba Bi Kuruthumu asimame alijaribishe kwake, kwa kuwa, alisema, mwili wake unafanana na wa mama.

Bi Kuruthumu akasimama. Gauni likashuka, likaishia chini kidogo ya magoti. Alilitazama kama fundi anavyotazama kazi ya mwanafunzi, na fundi akasema kabla ya mwosha kumzuia:

"Fupi. Ongeza. Mama yako ni mrefu kuliko mimi."

Wasichana wakaendelea kucheka jambo lao. Yunisi peke yake hakucheka.

"Umempima wapi?"

Sanda hupimwa kwa mwili, na ya mwenye sketi aliipima Bi Kuruthumu mwenyewe. Alilivua gauni, akalikunja, akachukua kanga mbili, moja akamtupia Yunisi. "Jifunike. Twende."

Makaburini alimwonyesha tuta lisilo na jina.

"Mama alikuwa Mlokole," alisema Yunisi.

"Hatukujua. Tulimsomea tulichokuwa nacho."

"Aliumia?"

"Alikuwa msafi," akasema Bi Kuruthumu; mwosha anaruhusiwa kusema lililo jema. "Nilimwosha kwa mikono hii. Nywele nilizifumua, nikazisuka upya."

Yunisi akakaa chini, akaweka gauni mapajani. Akaanza kulifumua pindo kwa meno na kucha.

"Niongeze kiasi gani?"

Bi Kuruthumu akachuchumaa kando yake, akauweka mkono wake juu ya kitambaa, vidole vikiwa vimeshikana, akaonyesha.