Daftari Lililokatazwa Amani

Darasa la tatu niliingia, lakini sikulimaliza. Nilimwacha mwalimu akiandika ubaoni, nikaenda kuchunga mbuzi wa watu, na kwa miguu hiyo hiyo nikapata mbuzi wangu, kisha ngamia, kisha nyumba ya mawe hapa Garissa yenye mabati ya kijani unayoyaona ukiwa bado mbali. Nasema haya ili ujue kwamba mtu aliyeniambia nianze kuandika daftari la mambo ya moyoni nilimwona amenivunjia heshima kabisa.

Alikuwa msichana wa ushauri pale zahanati. Binti yangu mdogo ndiye aliyenipeleka, kwa sababu ya kifua. Kilikuwa kinagonga kama mtu aliyefungiwa nje, usingizi sina, na kila aliyenisalimia nilimfokea. Daktari akapima moyo, akasema ni mzima kuliko wake. Nilifurahi, nikavaa shati nikitaka kuondoka. Akasema, "Bado, mzee. Hayo ni mawazo. Nenda chumba cha mwisho."

Chumba cha mwisho nikamkuta huyo msichana, mtu wa kutoka Embu, umri wa mjukuu wangu wa kwanza.

"Mzee, nyumbani kuko vipi?"

"Nabad," nikamwambia. Yaani amani.

"Na mama yuko?"

"Yuko kwa binti yetu mkubwa, Balambala."

"Ameenda kutembea?"

"Miezi minne."

Akaniangalia. Nikaangalia dirisha.

Ukweli ni huu. Ukame ulichukua ngamia wetu tisa huko malishoni. Wanne kati yao walikuwa wa mke wangu, uzao wa ngamia niliompa mahari. Mimi nilikuwepo, niliwaona wakianguka. Nikarudi nyumbani, mke wangu akaniuliza habari kama desturi yetu ilivyo. Kwetu mtu akitoka safari anaulizwa habari, naye anaanza na amani, hata kama amebeba maiti. Halafu ndiyo anaeleza: mvua, majani, wanyama, watu, moja baada ya nyingine. Mimi nilisema amani, nikaomba chai. Nikaishia hapo. Alipouliza wanyama, nikasema wazima. Nilifanya hivyo wiki tatu, mpaka alipoenda sokoni na wanawake wanaouza maziwa wakampa pole. Alirudi, akafunga nguo zake, akaniambia, "Siwezi kukaa na mtu ambaye habari zake lazima nikaziulize sokoni." Akaenda.

Sikumfuata. Mtu mwenye mabati ya kijani anamfuata nani?

Basi yule msichana akanipa kazi. Kila siku niandike ukurasa mmoja, siku yangu ilivyokuwa, kisha baada ya wiki mbili nimletee. Nilinunua daftari lenye jedwali la kuzidisha nyuma, nikaona angalau upande huo una maana. Kila siku baada ya alasiri nilikaa barazani, nikavaa miwani, nikaandika kwa herufi kubwa kama za kwenye gunia la mchele. Majirani wakapita wakiniona mzee msomi. Nilipenda sana. Kuna siku nilikunja uso makusudi kama mtu anayewaza sana, nikasahau nilichotaka kuandika.

Wiki mbili zikaisha, nikampelekea. Alisoma kimya. Nikangoja sifa.

"Mzee, nimesoma kurasa kumi na nne. Kila mmoja unaanza na 'Amani'. Halafu mvua hakuna. Halafu majani ya upande wa mtoni. Halafu mbuzi wa jirani anakohoa."

"Alipona. Ukurasa wa kumi na moja."

"Nimeona. Mbuzi namjua sana sasa. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namwangalia mbuzi."

Alicheka mpaka akashika meza, na mimi nikakasirika, kisha nikacheka kidogo kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimeandika daftari la moyo kama mtu anayempa mgeni habari za njia. Akachukua kalamu yangu, akaandika juu ya ukurasa mpya: amani hapana. "Hilo neno nimekukataza," akasema. "Andika lolote, lakini usianze nalo."

Wallahi, siku tatu sikuandika kitu. Nilikuwa nashika kalamu, natafuta pa kuingilia, mlango umefungwa. Mtu mzima nimeanzisha biashara bila mtaji, nimeshindwa na mstari mmoja.

Siku ya nne nilinunua maziwa ya ngamia. Yule mama akafungua dumu, na harufu ya moshi ikanijia, ule moshi ambao mke wangu alikuwa anafukizia vyombo vyake. Nikamfokea. Nikamwambia maziwa yake mabaya. Akasema, "Mzee, maziwa haya haya ulinunua jana ukasifu." Watu wakanitazama. Nikaenda nyumbani, nikaandika: Leo nimemtukana mama wa maziwa kwa sababu maziwa yake ni mazuri.

Baada ya hapo sikuweza kuacha. Niliandika ngamia mweusi alivyopiga magoti mbele kisha hakuamka. Niliandika kwamba nilimwekea kivuli cha kanzu yangu, kitu cha upuuzi, kanzu moja kwa ngamia mzima. Niliandika kwamba nilimwogopa mke wangu kuliko ukame. Karatasi ililowa mahali fulani. Nilisema ni jasho, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Sikwambii kifua kilinyamaza siku hiyo. Lakini kesho yake mama wa maziwa nilimwomba msamaha, akaniongezea kikombe, akaniuliza kwani nilikuwa mgonjwa.

Nikaenda Balambala na daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Mke wangu alikuwa amekaa mkekani anasuka kamba. Hakusimama. Lakini desturi ni desturi, akauliza, "Habari?"

Nilifungua daftari. Nikasoma, neno moja moja, kidole kikifuata mstari, kama mtoto wa chuo cha Kurani na ubao wake. "Si... a-ma-ni. Ngamia wako wanne wamekufa. Wa kwanza mweusi. Wa pili yule mwenye sikio lililokatwa..."

"Huyo alikuwa wa tatu," akasema. "Aliyemfuata mweusi alikuwa yule aliyetoa maziwa bila ndama. Aliniambia mchungaji wako."

"Mchungaji alikwambia?"

"Alikuja hapa kunipa pole. Wewe je? Futa hapo, andika vizuri."

Nikafuta, nikaandika vizuri. Yeye hajui kusoma, lakini alinisimamia kama mwalimu niliyemtoroka. Nikasoma mpaka mwisho, hata pale pa kanzu. Aliweka kamba chini.

"Kivuli cha kanzu," akasema. "Oday, wewe ni mjinga." Oday ni mzee. Zaidi ya miezi minne hakuniita hivyo. "Leo sirudi. Uje tena, na uje na habari."

Nilienda mara tano. Mara ya sita tulirudi pamoja, yeye amebeba nguo zake, mimi nimebeba kamba yake ambayo haikuwa imekwisha.

Msichana wa chumba cha mwisho aliniuliza kama daftari limenisaidia. Nikamwambia limeniharibia jina, sasa mimi ni karani. Maana mke wangu amegundua ana mambo mengi ya kuandikwa, na mengi ni yangu. Anakaa barazani baada ya alasiri, ananiagiza, na majirani wanasikia. Jana aliniambia:

"Andika. Leo mume wangu amelala toka adhuhuri mpaka alasiri, amekoroma mpaka mbuzi wakatoka uani."

"Hilo pia?"

"Hilo hasa."

Nikaandika.