Kiapo Juu ya Gia ya Mbele

Nimetengeneza baiskeli hapa Faza miaka mingi, na bado sina hakika kama nastahili kuitwa fundi. Hili la mwalimu nitalieleza lilivyokuwa, nijaribu kutojipendelea.

Alikuwa mwalimu wa kike, akienda skuli kwa baiskeli, buibui kalikusanya mkononi. Wapo ambao hawakupenda. Siku moja aliniletea gia ya mbele iliyotumika, kile kikono kinachosukuma cheni kutoka duara dogo la meno hadi kubwa. Pete yake ya kufungia ilikuwa pana kuliko bomba la fremu. Nikalizungushia bomba kipande cha tyubu, nikakaza. Nilipoipindua baiskeli na kuzungusha pedeli, cheni ilipanda vizuri. Nikaridhika.

Siku ya tatu alianguka mbele ya baraza ya wanaume. Cheni ilirukia nje, ikakwama, na buibui likanaswa. Alikuja akiikokota baiskeli, kiganja kimechubuka, na watu wawili wa baraza wakimfuata.

"Bwana fundi, cheni yatoka."

Niligeuza skrubu ya gia kidogo. Pete sikuiangalia. "Ni buibui, Bi. Limeivuta."

"Buibui nilikuwa nimelishika."

"Wallahi gia niliifunga sawa."

"Basi, fundi ameapa," mmoja alisema. Mwenzake akaongeza, "Buibui nalo litiwe breki."

Wakacheka. Nami nilicheka kidogo. Sikujua kwamba nasema uongo, hilo ni kweli. Lakini sikujua pia kwamba nasema kweli, na niliapa.

Tangu siku hiyo alikwenda skuli kwa miguu. Baada ya wiki mbili akaniletea baiskeli. "Niuzie," alisema. "Mtafute mwanamume wa kuinunua."

Kabla ya kumtafuta mnunuzi niliijaribu kwenye ndia ya mchanga iendayo Mtangawanda, kikoi nimekikunja juu ya magoti. Nilitia cheni kwenye duara kubwa, nikakanyaga. Cheni ikatoka nje, nikaanguka mchangani. Nami buibui sikuvaa.

Nilikaa pale pale nikaitazama. Kila waya wa gia ulipovuta, mpira wa tyubu ulibonyea na kikono kikapinda. Tena nilikifunga juu mno, kidole kilipita kati yake na meno. Nikautupa ule mpira, nikakata ukanda wa bati la kopo nikauvisha bomba. Nikakishusha kikono hadi pakabaki unene wa sarafu, nikakilinganisha na duara, ndipo nikagusa skrubu. Nusu saa tu. Ningeweza kuifanya kazi hiyo siku ile aliponijia.

Alasiri niliipeleka baiskeli kwenye ile baraza, nikamngoja mwalimu apite akitoka skuli. Alipofika nikasema, "Niliapa mbele yenu kwa jambo nisilolijua. Kosa ni langu, si la buibui."

Yule aliyesema buibui litiwe breki aliangalia kikombe chake cha kahawa.

Mwalimu aliminya breki, akaishika, akaiachia. "Hata nilipokwambia kwa mdomo wangu hukusadiki," alisema. Akalikusanya buibui, akapanda, akaenda.

Kulisha maskini kumi sikuweza, nikafunga siku tatu kuwa kafara ya kile kiapo. Siku ya pili mtu wa baraza alinisifu kuwa mimi ni msema kweli. Mwalimu aliniambia cheni yatoka, nami sikuamini hadi nilipoanguka mwenyewe.