Kinga ya Meno Mfukoni Mwangu

Siku rafiki yangu alipovunjwa meno, kinga yake ya meno ilikuwa mfukoni mwangu. Naanza na hilo kwa sababu mimi ni mtu wa maneno mengi, na nikiachiwa nitazunguka mpaka nionekane nimeonewa.

Tulikuwa vijana wa ngumi, pale mtaani Chikongola, miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Klabu yetu ilikuwa uwani kwa mtu, nyuma ya maduka: gunia la pumba linaning'inia kwenye boriti, glavu jozi tatu, na kinga ya meno moja ya kuazimana. Kinga moja, vinywa vinane. Mmoja akitoka ulingoni anaitema kwenye ndoo ya maji ya chumvi, mwingine anaiokota anaitia mdomoni. Haikumkaa mtu yeyote. Ukitaka isidondoke lazima uing'ate muda wote, na ukiing'ata muda wote hupumui.

Ngumi nilijifundisha mwenyewe, kwa kuangalia watu na kwa kusoma magazeti ya zamani yaliyofungiwa vitumbua, kwa hiyo nilijiona najua kuliko wote. Rafiki yangu alikuwa kinyume changu, anajua na hasemi. Alitoka upande wa Kilambo, penye kivuko cha mto Ruvuma, kwa wakulima wa korosho. Babu na bibi yake walivuka Ruvuma wakitokea Msumbiji, na hata yeye akisema "mtu" ilimtoka "ntu". Alipohamia mjini na mama yake akanikuta mimi. Aliyemcheka Kiswahili chake alipambana na mimi kwanza. Nimepigana kwa ajili yake sokoni, bombani, hata msibani mara moja, na hilo la msibani sijivunii. Kwa sababu ya vurugu hizo kocha wetu, ambaye wote tulimwita mwalimu, alishanipa onyo la mwisho: nikigombana tena na mtu nje ya ulingo, nisirudi klabu.

Mwaka huo mwalimu akamchagua rafiki yangu kwenda Lindi kwenye mashindano ya kanda. Maishani mwake alikuwa hajachaguliwa kwa lolote. Huko walitaka kila bondia awe na kinga yake mwenyewe, basi mama yake akabeba korosho alizobangua kwa mkono wake, akaenda kumwomba fundi mmoja wa meno ya bandia ambaye naye alipenda ngumi.

Nilimsindikiza. Fundi alikoroga unga fulani na maji ukawa kama uji mzito, akaujaza kwenye bati lenye umbo la taya, akamkandamizia juu ya meno. Rafiki yangu macho yakamtoka, mate yakamtiririka. Nikamshika mkono namwambia apumue kwa pua, kana kwamba mimi nimeshafanyiwa. Ule uji ulipokauka ukatolewa una shimo la kila jino. Humo fundi akamimina plasta, na tuliporudi baada ya siku chache tukayakuta meno ya rafiki yangu mezani, meupe, hata lile la upande lililompanda mwenzake linaonekana. Juu ya meno hayo ya plasta alikuwa amelaza plastiki iliyolainishwa kwa moto, ikashika kila bonde na kila kilima.

Alipoivaa kinga hiyo ikamshika yenyewe. Aliongea nayo, akanywa maji nayo. Mimi nikaijaribu kwa wivu wakati fundi amegeuka, ikagoma kuingia.

Mwezi mmoja kabla ya safari tulialikana na klabu nyingine kupimana nguvu. Mwalimu aliombwa kushika saa na kengele, kwa hiyo kwenye kona ya rafiki yangu nikabaki peke yangu. Kazi yenyewe nyepesi: kengele ikilia namtoa kinga, naisuuza, nampa maji, namrudishia kinga. Basi.

Raundi ya kwanza alimchezea tu yule kijana wa watu. Ya pili vilevile. Mapumziko kabla ya raundi ya tatu naisuuza kinga, ndipo jamaa mmoja nyuma ya kamba akaanza maneno. Akasema kivuko kinamsubiri Kilambo, akapigane na viboko wa kwao. Watu wakacheka. Rafiki yangu mwenyewe alitabasamu, mzaha huo kaukulia. Mimi sikutabasamu.

Nikashuka. Kinga nikaitia mfukoni ili mikono iwe wazi, nikamfuata yule jamaa, nikamkunja ukosi namuuliza kwao yeye ni wapi. Nikiwa bado nasubiri jibu, nikasikia kengele.

Walioona, watu wa klabu ile nyingine, waliniambia baadaye kwamba alinitafuta. Aligeukia kona, akaona ndoo tu. Angeinua mkono pambano lingesimama, lakini mwalimu naye angegeuka aone kwamba sipo na nimekwenda kugombana. Akafunga mdomo, akaingia. Refa hakumkagua. Mpaka nafika kwenye kamba, mkono uko mfukoni unahangaika, ngumi ilishatua. Meno mawili ya mbele: moja likakatika, la pili likatoka na mzizi wake.

Mwalimu akaja mbio, akauliza kinga iko wapi. Rafiki yangu alinitazama, damu inamchuruzika kidevuni.

"Nilisahau kuivaa," akasema.

Nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Mimi, ninayepiga kelele mtu akimkanyaga tu, nilinyamaza. Vidole vyangu vilikuwa vimeishika mfukoni, bado ina maji.

Mwalimu akamfuta safari palepale. Alisema mdomo utapona kabla ya Lindi, ila bondia anayesahau kinga yake akiwa nyumbani, akiwa ugenini atasahau nini, na yeye hapeleki mtoto wa watu akauawe.

Jumapili sikusema. Jumatatu sikusema. Niliogopa kufukuzwa klabu, sina neno zuri zaidi la kuweka hapo. Jumanne chakula kikanishinda, nikaenda nikamweleza mwalimu kila kitu mbele ya wote, nikaiweka kinga mezani. Mwalimu akaigeuza geuza, akatabasamu. Akasema anajua ninavyompenda mwenzangu, lakini mara hii nisimbebee kosa lake. Vijana wakacheka, mmoja akasema kesho nitadai mimi ndiye niliyempiga. Miaka yote nilimtetea kwa haki na bila haki, sasa nasema kweli hakuna wa kuniamini. Nikawaka, nikapiga meza, na kadiri nilivyowaka ndivyo walivyozidi kuona namtetea.

Nikamgeukia mwenyewe aseme. Alikuwa amesimama mlangoni, mdomo umevimba.

"Mwalimu, usimsikilize," akasema. "Nilisahau."

Nje nikamshika shati, namuuliza ana wazimu gani, safari ilikuwa inarudi ile. Akanitoa mkono taratibu.

"Jumamosi nilikupa nafasi useme mwenyewe," akasema. "Nikangoja Jumapili. Nikangoja jana. Leo umekuja kusema ili upate usingizi."



Timu ikaondoka bila yeye. Wiki hiyo mama yake akaniita nyumbani. Nilikwenda nikijua nitatukanwa, tena nilitaka. Nikakuta mkeka umetandikwa na ming'oko imechemshwa, vile viazi vyembamba vya porini anavyochimba mwenyewe. Akasema amesikia nilivyomkingia mwanawe kifua mbele ya watu, mpaka nikajitia kosa lisilo langu, na kwamba mjini hapa mwanawe hana ndugu ila mimi.

"Kula, mwanangu," akasema.

Mama yule angeniamini. Alikuwa ananitazama usoni, hana haraka, anangoja niseme chochote. Rafiki yangu naye aliacha kumenya, akanitazama. Nikasema asante mama, nikanyoosha mkono kwenye sinia. Rafiki yangu akarudi kuikatakata ming'oko yake vipande vidogo vidogo, anavisukuma kwa kidole pembeni, kwenye meno ya nyuma.