Fundi Motaleb Arudi Juu ya Mianzi

Fundi Motaleb aliacha kuchimba visima siku watu wa afya walipopaka rangi nyekundu mdomo wa bomba alilomchimbia kaka yake. Nyekundu maana yake maji yana sumu ya aseniki: fua nguo, osha sufuria, usinywe. Walikuwa wamechelewa. Kaka yake alishatoka madoa meusi viganjani, na baada ya miaka miwili akafa. Kijijini kwetu, kusini mwa Faridpur, hakuna aliyemlaumu Motaleb, kwa sababu enzi hizo mafundi wote walichimba vile vile. Alijilaumu mwenyewe, na kazi hiyo ya kujilaumu aliifanya bila kupumzika. Miaka kumi na tisa akauza mboga sokoni.

Aliyemtoa huko ni mjane wa kaka yake, Shangazi Nurun kama tulivyomwita, ambaye alitupangisha nyumba ile ile ya bomba jekundu, wasichana tisa wa chuo. Maji ya kunywa tuliyafuata msikitini kwa zamu, na mitihani ikikaribia tuligombana kama paka. Shangazi akamwendea shemeji yake sokoni, mbele ya wateja.

"Acha kujificha nyuma ya mabiringanya," akamwambia. "Nina watoto wa watu nyumbani."

Akaja. Akafunga jukwaa la mianzi uani, mbali na bomba jekundu, akapanda na kukaa, kiganja juu ya mdomo wa bomba jipya. Chini wanaume watatu waliliinua na kulishusha kwa mti mrefu. Likipanda, anaziba, likishuka, anaachia, na tope linaruka hadi kwenye nguo zetu za kuanika. Kila baada ya futi kumi aliweka konzi ya mchanga juu ya mkeka, mafungu yakafuatana kwa mstari, na ole wake atakayeyakanyaga. Nakiri nilimnung'unikia sana. Nilikuwa na mtihani wa kemia Alhamisi, na kelele zilikuwa hazivumiliki.

Siku ya pili, futi mia moja na arobaini, maji yakatoka meupe. Shangazi akakinga kiganja, akaonja.

"Matamu! Shuka, shemeji, wali umeiva."

"Mchanga bado wa kijivu, na sumu hukaa kwenye kijivu."

"Kwani tutakunywa mchanga?"

Wanaume wakacheka. Jobbar, mwenye mdomo kuliko wote, akadakia: "Mwache, shangazi. Mzee anataka kutokea upande wa pili wa dunia, uvunguni kwa Wamarekani!"

Motaleb hakucheka. "Lile la kwanza nalo lilikuwa tamu, Nurun. Kaka alikuwa akilisifia kwa kila mgeni."

Shangazi akaingia jikoni. Jobbar akaushika mti wake, na kazi ikaendelea.

Wakakutana na udongo mgumu, ukawala siku nzima. Siku ya nne, karibu futi mia mbili na thelathini, mchanga ukatoka wa kahawia. Motaleb akausugua kati ya vidole, akaunusa, akashuka polepole.

"Huu nauamini," alisema. "Lakini hata ule wa kaka niliuamini."

Bomba likafungwa, likasukumwa mpaka maji yakatakata. Dada wa afya akaja na kichupa chake, akatia maji na unga, akafunika kwa karatasi nyeupe. Ikigeuka njano, ni sumu. Motaleb hakuweza kutazama, akaenda kukaa nyuma ya zizi la ng'ombe. Sisi tukaizunguka ile karatasi, na mtihani wa kemia nikausahau kabisa.

Haikugeuka. Tulipiga kelele mpaka imamu akatuma mtu kuuliza nani kafa.

Shangazi Nurun hakupiga kelele. Akajaza gilasi, akaenda zizini, nami nikamfuata.

"Safi," akamwambia. "Kunywa."

Motaleb akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi. "Mpe mwingine. Mimi nilimuua kaka yangu."

"Wewe ulichimba tu," alisema Shangazi. "Nani alikuwa akimtekea? Mimi. Kila asubuhi, kwa mkono huu huu, nikimwambia anywe, anywe tena. Umewahi kuniita muuaji?"

"Astaghfirullah! Wewe?"

"Basi kunywa, shemeji. Nimechoka kubeba peke yangu."

Akaipokea kwa mikono miwili. Akanywa nusu, akamrudishia, naye Shangazi akamalizia.