Udongo Uliofaulu Kipimo

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze jinsi udongo unavyoweza kufaulu kipimo na bado ukamtoa mtu nyumbani kwake.

Kazi yangu ilikuwa kupanga viwango: udongo uliomwagikiwa dizeli usafishwe hadi ubaki na mafuta kiasi gani ndipo tuuite salama. Si jambo gumu ukilichukua polepole. Udongo wa gereji, ambao watu huukanyaga na kuondoka, huruhusiwa kubaki na mafuta mengi kuliko wa shambani au wa uwanja wa watoto.

Karibu na Kongwa, tangi la kituo kimoja cha mafuta lilivuja. Tulichimba udongo, tukautandaza, tukaugeuza kwa miezi ili vijidudu vya ardhini viyale mafuta. Ramani ilisema eneo la biashara. Nikaandika kiwango cha gereji.

Jirani wa kituo alikuwa bibi mjane, mwenye tembe la kuta na paa la udongo. Siku tuliyomaliza alikuja na ndoo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huu mnaousonga kama ugali, umeiva?"

"Umefaulu kipimo, bibi."

"Basi nitachota. Mvua zimenilia paa, na miguu ya kunifikisha kwenye kichuguu, kwenye udongo wa kukandikia, sina tena."

Nilicheka. Ndoo ya kwanza nilimtwisha mwenyewe.

Huku kwetu watu hukandika nyumba mvua zikiisha. Nimekulia ndani ya kuta hizo, mama yangu akizikandika kila mwaka. Siku ile sikukumbuka.

Niliporudi baada ya miezi michache, tembe lilikuwa tupu, mlango umerudishwa tu. Nilisukuma mlango, jua la mchana lilikuwa limechemsha paa na harufu ya dizeli ikanijaa kooni. Majirani waliniambia bibi alikuwa akiumwa kichwa kila alipolala humo, hata binti yake akamhamishia mtaa wa Majengo, mjini. Nikamfuata.

"Kaa, mganga wa udongo," alisema. Hakunigombeza. "Mume wangu nimemwacha peke yake kule. Kaburi lake nani analipalilia?"

"Tutabomoa, bibi. Tutakujengea upya, kwa udongo wa kichuguu."

"Fanyeni haraka."

Tulijenga. Kuta zilikuwa bado mbichi alipofariki kule Majengo; tulimrudisha, tukamzika kando ya mumewe.

Kiwango kile nilikifuta, lakini hilo halikumfaa yeye. Nawe utakayepima udongo baada yangu, kabla hujaandika namba yoyote, nenda kwa jirani wa karibu kabisa, mwulize udongo huu ataufanyia nini, kisha andika jibu lake kwanza.